Uvimbe wa ubongo kwa ndugu yako: maswali ninayoulizwa kila mara Tanga

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani Ngamiani, na dalili yake ya kwanza haikuwa kichwa kuuma. Alikata kitambaa cha suti ya mteja, mstari ukapinda. Akasingizia mkasi. Wiki iliyofuata mkasi huohuo ukamponyoka mkono wa kulia mara tatu asubuhi moja. Miezi miwili baadaye tulikuwa Dar es Salaam tukisikia maneno ambayo nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuyasikia.

Tangu hapo, mtu akipata majibu ya kipimo cha kichwa cha mama yake au kaka yake, ananipigia mimi. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Mimi si daktari. Haya nimeyapata kwa kuuliza, kusoma na kukaa kwenye mabenchi ya hospitali. Yatakufaa ukiingia kwa daktari uwe na la kumuuliza.

Tumeambiwa "kuna kitu kwenye ubongo". Ndiyo saratani hiyo?

Si lazima. Picha inaonyesha kivuli, haisomi jina lake. Kivuli hicho chaweza kuwa uvimbe usio saratani, uvimbe wa saratani ulioanzia humohumo kwenye ubongo, au saratani iliyosafiri kutoka kwingine, hasa titi, mapafu, figo na ngozi. Na chaweza kisiwe uvimbe kabisa: jipu, kifua kikuu kilichojificha kichwani, vimelea vya tokso kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka, au mabuu ya tegu wa nguruwe.

Hapo kwenye nguruwe watu wa mwambao hunikatiza: "Sisi hatuli kitu hicho." Sawa, lakini mabuu yanayofika kwenye ubongo hutokana na mayai yaliyotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Mboga iliyooshwa kwa maji machafu inatosha. Kutokula nguruwe si kinga.

Ndiyo maana daktari akiomba kipimo cha VVU msimwone amewatukana. Jibu hilo linabadilisha mpango mzima wa tiba. Tokso, kwa mfano, hutibiwa kwa vidonge, na kivuli kikaonekana kinapungua ndani ya wiki chache bila mtu kuguswa kichwa.

Kwa nini Bombo wasimtibu hapahapa?

Bombo ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Watamwona, watatuliza maumivu na kifafa, watampiga picha, kisha wataandika rufaa. Upasuaji wa ubongo unataka madaktari bingwa wake na chumba cha wagonjwa mahututi. Kwa watu wa Tanga njia iliyozoeleka ni Dar es Salaam: Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ile inayoitwa MOI, kwa upasuaji, na Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa mionzi. Jina la MOI huwachanganya watu. Ndiyo, ni "mifupa", lakini upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo uko hapohapo. Wengine, hasa wa Korogwe na Lushoto, huelekea hospitali ya KCMC, Moshi.

Usiondoke bila karatasi ya rufaa na CD ya picha zenyewe. Ripoti ya ukurasa mmoja haitoshi, daktari wa upasuaji anataka kuona picha kwa macho yake. Safari ni kama kilomita 350, kutoka stendi ya Kange kupitia Segera na Chalinze mpaka stendi ya Mbezi. Dawa za mgonjwa zikae mkononi mwako, zisiwekwe kwenye buti la basi.

CT skani tumeshafanya. MRI ya nini tena?

CT ni ya haraka na huonyesha vizuri damu, mifupa na maji yaliyojaa kichwani. MRI huonyesha nyama ya ubongo yenyewe: uvimbe unaishia wapi, umekaa karibu na sehemu ya kusema au ya kutembea, umegusa mishipa gani. Daktari wa upasuaji anaitaka kama fundi anavyotaka vipimo kabla ya kukata. Mwambieni fundi wa mashine kama mgonjwa ana chuma mwilini, na kama ana tatizo la figo, kwa sababu kuna dawa ya kung'arisha picha inayodungwa mshipani.

Iko hatua ya ngapi?

Swali hili tumelizoea kwenye saratani ya titi na ya shingo ya kizazi. Uvimbe ulioanzia kwenye ubongo ni nadra kutoka kwenda viungo vingine, kwa hiyo hawahesabu hatua, wanahesabu daraja, kuanzia 1 mpaka 4. Daraja linaeleza tabia ya chembe zake: 1 hukua polepole sana, 4 hukua kwa kasi na kujipenyeza.

Majina mtakayoyasikia zaidi ni machache. Meninjioma huota kwenye utando unaofunika ubongo, hupata wanawake zaidi ya wanaume, na nyingi ni daraja la 1. Utafiti uliofanywa Ufaransa na kutolewa mwaka 2024 ulihusisha matumizi ya muda mrefu ya sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu na ongezeko la uvimbe huu. Hatari kwa mtu mmoja mmoja bado ni ndogo, lakini kama mgonjwa wenu ameichoma kwa miaka, daktari aambiwe. Uvimbe wa tezi ya pituitari hukaa nyuma ya pua, unaharibu macho na homoni. Glioma hutokana na chembe zinazoshikilia ubongo. Ya daraja la 4 iliyo maarufu kwa ubaya wake ni glioblastoma, ndiyo aliyokuwa nayo mjomba. Kwa watoto kuna medulloblastoma, upande wa kisogo. Mtoto anayetapika kila asubuhi na kuanza kuyumba akitembea asizungushwe miezi kwa dawa za malaria na minyoo.

Lazima apasuliwe?

Hapa ndipo familia nyingi hupotea, kwa sababu zinauliza "apasuliwe au asipasuliwe" kabla ya kuuliza upasuaji huo unatafuta nini. Mjomba alipopangiwa, tulikaa kikao sebuleni watu kumi na wanne, tukabishana mpaka adhana ya alfajiri, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza daktari swali hilo.

Upasuaji waweza kuwa na malengo tofauti kabisa. Kuna wa kutoa uvimbe wote na kumaliza kazi, kama meninjioma iliyokaa pazuri. Kuna wa kutoa kiasi kinachotoka salama ili kupunguza mgandamizo na kuipa mionzi kazi ndogo. Huo ndio wa glioblastoma, maana mizizi yake imeshaingia kwenye sehemu za ubongo zenye afya na hakuna kisu kinachoifuata yote. Kuna wa kuchukua kipande tu kikapimwe maabara. Na kuna wa kutega mrija mwembamba unaopeleka maji ya kichwani tumboni, ambao haugusi uvimbe kabisa lakini unaweza kumrudishia mtu fahamu zake ndani ya siku mbili.

Wapo pia wasiohitaji kisu. Meninjioma ndogo isiyosumbua, hasa kwa mtu mzima sana, mara nyingi huangaliwa tu kwa MRI, baada ya miezi 6 au mwaka. Ukiambiwa hivyo usidhani umefukuzwa. Kuangalia nako ni tiba, na ukikua watachukua hatua. Uvimbe wa pituitari unaotoa homoni ya maziwa kwa kawaida huanza kutibiwa kwa vidonge vya kabergolini au bromokriptini. Ile mingine ya pituitari hutolewa kupitia puani, bila kovu kichwani.

Kwa hiyo andika swali hili kwenye karatasi na uliulize kwa kila tiba itakayotajwa: "Dokta, lengo la hii ni kumponya, kumwongezea muda, au kumpunguzia mateso?" Daktari mzuri hatachukia.

Wazee wanasema kichwa kikifunguliwa ndiyo basi.

Hofu hiyo ina chanzo: zamani watu walifikishwa wakiwa wameshapoteza fahamu. Hatari zipo kweli. Damu kuvuja, maambukizi, kifafa, udhaifu wa mkono au ulimi kuwa mzito, wakati mwingine kwa muda na wakati mwingine moja kwa moja. Uliza: "Kwa sehemu ulipokaa uvimbe wake, anaweza kupoteza nini?" Jibu la mtu mwenye uvimbe karibu na sehemu ya kusema si sawa na la mwenye uvimbe mbele ya paji la uso. Na mtaje mapema kama mgonjwa anakunywa aspirini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda.

Kipande kilichokatwa kinachukua muda gani?

Wiki kadhaa, mara nyingi. Fuatilieni. Cha mjomba kilikaa wiki tatu kwenye kabati la hospitali moja kwa sababu kwenye fomu jina liliandikwa la baba peke yake. Tulikipata baada ya shemeji kwenda mwenyewe na kusimama dirishani. Piga picha ya fomu na namba yake kwa simu kabla haijaondoka mikononi mwako.

Amepewa deksamethazoni akapona kabisa. Tuendelee na rufaa?

Nimeulizwa hili zaidi ya mara kumi. Mgonjwa aliyekuwa hasemi anaamka, anaomba chai na mkate wa mofa, familia inashukuru Mungu na kufungua mizigo.

Hajapona. Dawa hiyo inapunguza maji yaliyovimba kuzunguka uvimbe, ubongo unapata nafasi ya kupumua. Uvimbe wenyewe uko palepale. Tumieni siku hizo nzuri kusafiri.

Inywewe baada ya chakula, dozi za asubuhi na mchana, maana ya usiku inafukuza usingizi. Inapandisha sukari, inaunguza tumbo, inavimbisha uso, inaleta hasira na njaa ya ajabu. Mwenye kisukari apimwe mara kwa mara. Na msiikatishe ghafla kwa sababu imeisha au uso umevimba. Mwili ukiizoea huacha kutengeneza ya kwake; ikikatwa ghafla mtu anaweza kuanguka. Daktari ndiye anayeipunguza, kidogo kidogo.

Anaanguka kifafa. Tumfanyeje?

Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, legeza kanga au kola shingoni, angalia saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimbane, usimmwagie maji. Ikipita dakika 5, au ikirudi kabla hajazinduka, mpelekeni hospitali mara moja.

Vidonge vya kifafa havikatizwi hata akikaa miezi bila kuanguka. Asiendeshe bodaboda, asikwee mnazi, asiende baharini peke yake. Mvuvi mmoja wa Mwambani alinambia hilo la mwisho ni gumu kuliko uvimbe wenyewe. Ninamwamini.

Mionzi inamchoma mtu? Na anaweza kubaki Tanga akawa anakwenda na kurudi?

Hapana kwa yote mawili. Sisi tunajisifu kwa "waja leo waondoka leo", lakini mionzi haiendi hivyo. Kwa glioblastoma mpango wa kawaida ni vipindi 30, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki 6. Wazee au waliodhoofu huweza kupewa wa wiki 3. Saratani iliyotoka kwingine ikatapakaa kwenye ubongo, mara nyingi ni vipindi 10, wiki 2. Tafuteni mapema ndugu wa kufikia Dar, na mhesabu nauli ya kila siku ya watu wawili. Hilo ndilo linalowaangusha wengi, kuliko bei ya mionzi yenyewe.

Kabla ya kuanza wanamtengenezea kinyago. Ni kipande cha plastiki chenye matundu. Kinalainishwa kwenye maji moto, kinavutwa usoni kikiwa vuguvugu, kinaganda kwa umbo lake. Kisha kila siku kinabanwa mezani ili kichwa kisisogee hata kidogo. Mjomba alisema ni kama kushonewa uso. Mtu anayeogopa kubanwa aseme mapema. Kipindi chenyewe ni dakika chache na hakiumi. Uchovu huja baada ya wiki kadhaa, nywele hunyonyoka pale miale inapopita, na uvimbe wa maji waweza kuongezeka kwa muda. Akitoka hana mionzi mwilini, wajukuu wamkumbatie.

Kwa watoto wa chini ya miaka 3 madaktari hujitahidi kuepuka mionzi ya kichwa, kwa sababu ubongo wao bado unajengwa.

Tibakemia je?

Kwa glioblastoma ni vidonge, temozolomidi. Hunywewa kila siku wakati wa mionzi, halafu siku 5 katika kila 28, kwa kawaida mizunguko 6. Anywe tumbo likiwa tupu, baada ya dawa ya kuzuia kichefuchefu, na kidonge kisifunguliwe. Damu hupimwa mara kwa mara kwa sababu chembe nyeupe hushuka. Homa wakati huo ni safari ya hospitali, isisubiri asubuhi.

Mjomba alipewa pia Septrini, ya kumkinga na nimonia, dawa ambayo wengi huijua kwa watu wenye VVU. Jirani aliiona dirishani, na kufikia Ijumaa mtaa mzima ulikuwa na lake la kusema. Mkewe akaanza kuificha kwenye mtungi wa mchele. Jueni tu kwamba ni sehemu ya tiba hii pia.

Meninjioma za kawaida hazitibiwi kwa tibakemia. Mkiuziwa "dripu za saratani" kwa uvimbe ambao haujapimwa kipande, ulizeni maswali.

Tumpeleke kwa mganga? Kombe, habasoda, mlonge?

Tanga hii, ningekuwa mwongo nikijifanya swali hili halipo. Mtu akianguka na kutokwa povu, wa kwanza kuitwa ni anayejua majini. Kusomewa Kurani, kuombewa, hakugombani na dawa yoyote, na mjomba alisomewa kila Alhamisi. Kinachoua ni kuahirisha: "tumalize kwanza siku 40 za mganga." Uvimbe wa daraja la 4 haungoji siku 40.

Cha kunywa ni habari nyingine. Mitishamba ya kuchemsha hupita kwenye ini na figo zilezile zinazoshughulikia dawa za hospitali. Hata balungi, tunda tu, hupandisha kiwango cha karbamazepini, dawa ya kifafa, kwenye damu. Mwambieni daktari kila anachokunywa.

Ramadhani imefika, anataka kufunga.

Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua, na mtu mwenye kifafa akiruka dozi ya mchana anaweza kuanguka jioni hiyohiyo. Mjomba hakumsikiliza mtu mpaka imamu wa msikiti wake alipokuja nyumbani.

Tunalipaje?

Kama ana bima, ulizeni kabla ya kila hatua ni kipi kinalipwa na kipi hapana. Msisubiri kuambiwa dirishani. Kama hana na hamna uwezo, ombeni kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali mgonjwa akiwa bado wodini. Yeye ndiye anayepima nani apewe msamaha. Barua ya serikali ya mtaa iwe tayari.

India?

Kabla ya kuuza kiwanja, muulizeni daktari wa hapa: "Huko watafanya nini ambacho hapa hakifanyiki?" Wakati mwingine jibu lipo. Mara nyingi ni upasuaji uleule, mionzi ileile na vidonge vilevile. Tumeni kwanza CD na majibu ya kipande mpate maoni ya pili. Hilo halihitaji pasipoti.

Mgonjwa aambiwe?

Kwetu tulikubaliana asiambiwe. Shangazi aliapa. Siku ya kliniki mjomba mwenyewe akamgeukia daktari: "Mimi fundi. Niambie kitambaa kimebaki mita ngapi." Daktari akamwambia. Aliporudi alimaliza nguo zote za watu alizokuwa nazo, nyingine akimwelekeza kijana wake mkono wake ukiwa hauwezi tena, na deni la duka la vitambaa akalilipa. Mimi nilikuwa upande wa waliotaka kuficha.

Ana muda gani?

Inategemea jina na daraja, umri, na nguvu alizonazo. Wengi wenye meninjioma iliyotolewa yote huendelea na maisha yao. Kwa glioblastoma, utafiti mkubwa wa mwaka 2005 uliounganisha mionzi na temozolomidi ulionyesha nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 14.6, dhidi ya 12.1 kwa mionzi peke yake. Baada ya miaka 5, karibu mmoja kati ya kumi wa lile kundi la kwanza alikuwa hai. Nusu ina maana wengine walipungukiwa na wengine walizidi.

Wamesema sasa ni tiba shufaa. Wamemkatia tamaa?

Hapana, wamebadilisha lengo. Tiba shufaa ni kazi kamili: maumivu, kutapika, kifafa, vidonda vya kulala, usingizi, na mnaomuuguza pia. Mkoani kwetu Hospitali Teule ya Muheza ina historia ndefu ya huduma hii. Morfini ya maji hupewa kwa saa, si mpaka alie. Choo kigumu kitakuja, ombeni dawa yake siku hiyohiyo. Mgeuzeni kila saa mbili. Akishindwa kumeza msimlazimishe uji, utaingia mapafuni. Lowesheni midomo kwa pamba.

Ulizeni pia kifafa kikija nyumbani usiku mtumie nini, kabla usiku huo haujafika.

Dawa zilizobaki tufanyeje?

Msimpe jirani mwenye maumivu, msimwage chooni. Vidonge vya kifafa na vya saratani si vya kugawana. Morfini irudi ilikotoka. Sisi tulirudisha chupa mbili, moja haijafunguliwa. Nesi alizipima mbele yangu, akaandika mililita kwenye daftari, akanipa kalamu nisaini.